Tone Moja kwa Pumzi Mia

Nilifika Ulandu saa nne asubuhi, na hakuna aliyenitazamia. Watu kama mia mbili walikuwa wamejaa uwanjani, kimya, nyuso zote zimeelekea jukwaa moja. Juu ya jukwaa wanaume wawili walikuwa wameshika beseni la udongo walilolipindua mdomo chini. Chini ya beseni, juu ya kigae kipana, alikuwa amelala chali mtu mzima mwenye joho la kijani, mikono kifuani, macho wazi. Nilidhani nimeingilia mazishi, nikajitanda mtandio wangu vizuri na kuinamisha kichwa.

Baada ya muda mrefu yule mtu akasema, "Sijalowa."

Uwanja mzima ukapiga vigelegele. Mtu yule akaamka, akajipangusa mgongo, akagonga muhuri kwenye ubavu wa beseni, na ngoma zikaanza. Ndipo waliponiona. Karani akanisogelea na daftari, akaniuliza swali ambalo kila mgeni huulizwa pale mpakani mwa uwanja: nimekuja kumwaga au nimekuja kukausha? Nilimjibu kwa ukweli kwamba nimekuja kutazama. Karani alipitia orodha yake ya majibu, hakuliona langu, akaandika "hajaamua" na kunipa siku kumi.

Naomba nieleze nchi ile ilivyo kabla sijasema yaliyonikuta.

Ulandu haina mawe, haina miti ya mbao, haina chuma. Ina udongo kidogo wa kufinyangia, na mchanga mweupe na laini kama unga wa muhogo, mpaka macho yanapoishia. Babu zao waligundua namna ya kuupika mchanga huo katika tanuri mpaka wakapata kimiminiko kisicho na rangi, chepesi, chenye harufu kama ya tunda lililoiva kupita kiasi. Wanakiita mbegu. Mimi nilikuwa nimemaliza shahada yangu ya kemia miezi mitatu nyuma, na nilitambua mara moja kilichokuwa ndani yake: silikoni, kile kiini cha mchanga na cha kioo, ambacho chuoni tulikichora kwa penseli kikiwa na mikono minne. Karibu kila kitu Ulandu kimeoteshwa kutokana na mbegu hiyo: vikombe, kuta, meno ya bandia ya wazee, na daraja.

Daraja ndilo roho ya nchi. Mji umekaa upande mmoja wa korongo, na chemchemi pekee iko upande wa pili. Kila mwaka, msimu wa baridi ukiisha, mbegu humiminwa katika kalibu ndefu pembeni mwa korongo, na Waziri wa Mmiminiko humwaga juu yake mitungi arobaini ya maji kwa mpigo mmoja, watu wakimshangilia. Mbegu huganda papo hapo. Wenyewe huuita mgando, kama wa maziwa. Daraja hutoka zima, lenye kung'aa, likitikisika kidogo ukilikanyaga, na hupewa jina la Waziri. Kisha upepo mkavu huanza kuvuma. Mgando hupoteza maji yake, hunywea, hupasuka nyufa nyembamba kama za mguu usiopakwa mafuta, na siku moja daraja huanguka na waliopo juu yake. Karani aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba Ulandu hakujawahi kuanguka daraja. Kisheria, daraja hustaafu. Watoto shuleni hukariri majina ya madaraja yaliyostaafu, na nilipofika yalikuwa thelathini na moja.

Sheria inayozaa hayo yote ni sheria ya kupindua. Beseni lililopinduliwa lisimwage kitu limekomaa. Beseni linalomlowesha Mkaguzi anayelala chini yake ni bovu, na kilichokuwamo huachwa ardhini. Nilimuuliza karani kama kuna kipimo kingine chochote. Aliniuliza kwa upole kama kwetu kuna njia nyingine ya kujua kitu kigumu ni kigumu.

Mgeni ambaye hajaamua hulazwa kwa mwenyeji ambaye hajaamua, na katika mji mzima nyumba ya namna hiyo ilikuwa moja tu. Mwenyewe aliitwa Bi Siwema, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye mikono iliyotulia. Alinikaribisha kwa uji wa mtama, akaniuliza jina. Nilipomwambia naitwa Subilaga akalirudia mara mbili taratibu, kama anayeonja chumvi, kisha akasema nimsamehe, hawezi kukaa nami, pumzi tisini zimekwisha pita.

Nilimfuata bandani. Katikati ya banda palikuwa na beseni moja, na kando yake kiti kidogo. Bi Siwema aliketi, akachukua mrija mwembamba wa kioo, akasubiri, akadondosha tone moja la maji. Akauweka mrija. Akakunja mikono.

Nikamuuliza anafanya nini.

"Naotesha," alisema.

Siku ya kwanza niliona ni upuuzi. Siku ya pili nilikuwa nimekaa miguuni pake na daftari langu, nikiandika kila alichosema, kwa kuwa yale niliyoyajibu kwenye mtihani na kupata alama nzuri sikuwahi kuyaelewa.

Alinieleza hivi. Mbegu moja ina mikono minne. Mmoja uko wazi daima, na huo haushughuliki na maji. Mitatu imekunja ngumi. Maji ndiyo yanayofungua ngumi. Mkono uliofunguka hutafuta mkono mwingine uliofunguka, na ikikutana hushikana, wala haiachani tena. Ukimwaga maji yote kwa mara moja, ngumi zote hufunguka kwa mara moja, na kila mkono hudaka ulio karibu, wa juu, wa chini, wa pembeni, bila kuchagua. Matokeo yake ni zogo lililoganda. Ni gumu, ndiyo, maana hakuna anayeweza kujinasua, lakini ndani yake hakuna mpango, na nusu ya nafasi imejaa maji ambayo yatakauka.

Ukitia kidogo, mambo huwa mengine. Mbegu moja hufunguka mkono, humpata mwenzake. Hao wawili husubiri. Huja wa tatu, huja wa nne, na wanne wakishikana hufanya duara. Duara moja likielekeana na jingine, mikono iliyobaki hushikana juu na chini, na hapo panakuwa na kijumba: pembe nane, kingo kumi na mbili, na chumba kitupu katikati. Kila pembe ina ule mkono mmoja uliokuwa wazi tangu mwanzo, umenyooshwa nje, tayari kukipokea kijumba kingine.

"Na kwa nini pumzi mia?" nilimuuliza. "Kwa nini si hamsini?"

"Kwa sababu maji hayaliwi mle, mwanangu. Wakishikana mikono, huyarudisha. Kila mshikano unatoa kamaji kadogo, na hako kadogo kanakwenda kumfungua jirani. Sasa lazima uyasubiri yaliyorudi yafanye kazi yake. Anayeongeza kabla hajarudishiwa, anamwaga asichokijua."

Sikuandika hilo. Niliweka kalamu chini. Kulikuwa na mlinganyo ubaoni mwetu chuoni, maji yakiwa upande wa kushoto na maji tena upande wa kulia, na kwa miaka mitatu nilikuwa nimeyakata ya huku na ya huku kwa mstari mmoja ili hesabu iwe fupi.

Alikuwa na punje moja aliyoiokota katika ufa wa sakafu baada ya beseni lake la zamani kumwagwa. Alinipa kioo cha kukuzia. Punje haikuzidi ya ufuta, lakini chini ya kioo ilikuwa na nyuso zilizonyooka na pembe kali, na mwanga ulioingia kwa dirisha ulipita ndani yake na kutoka upande wa pili umegawanyika. Aliniambia ndani ya punje ile kuna vijumba vingi kuliko nywele za watu wote wa Ulandu tangu babu zao, na kila kimoja kina pembe nane, si saba. Niliitazama mpaka shingo ikauma. Nilikuwa nimelelewa kuamini kwamba kitu kikubwa hujengwa na mtu mwenye nguvu, na pale palikuwa na kitu kilichojengwa na subira na tone, bila fundi hata mmoja ndani yake.

Bi Siwema hakuwa anaotesha kwa ajili ya kustaajabiwa. Mume wake, Makame, alikuwa mchota maji, naye alikuwa juu ya daraja la thelathini siku lilipostaafu. Alitaka ubao mmoja tu, upana wa nyayo mbili, uliounganishwa kwa vijumba, utakaopita sehemu nyembamba ya korongo na usiogope upepo. Ubao huo ulihitaji beseni moja lililokomaa sawasawa, na beseni hukomaa kwa siku arobaini. Lakini beseni lililokomaa sawasawa huwa na punje nyeupe zilizotua chini na maji maangavu juu. Ukilipindua, humwagika lote. Mabeseni yake sita yalikuwa yamekwisha kumlowesha Mkaguzi. Sheria inampa mwoteshaji saba. Hili la saba likianguka, banda linachukuliwa, na hataruhusiwa kugusa mrija maisha yake yote. Siku niliyofika lilikuwa na siku ishirini na tano.

Kwa kuwa nilikuwa mgeni, ilinibidi pia kuzitembelea pande mbili zinazotawala kwa zamu. Wamwagaji niliwaona uwanjani, wakijifunza kubeba mitungi kwa hatua za gwaride. Kiongozi wao aliniambia tatizo la madaraja ni maji machache, na kwamba mwaka ujao watamwaga mitungi sitini. Nilimuuliza kuhusu nyufa. Alisema nyufa huletwa na upepo, na upepo ni sera ya Wakaushaji.

Wakaushaji nao wana jumba refu lisilo na madirisha. Pale mlangoni mgeni huambiwa avute pumzi na kuizuia, maana pumzi ina unyevu. Niliongozwa mbio mbele ya chupa moja iliyofungwa kwa nta, ndani yake mbegu safi isiyoguswa na tone kwa miaka sitini. Mlinzi wake, mzee mnyofu aliyevaa kitambaa mdomoni, alinitoa nje na kuniuliza kwa fahari nimeonaje. Nikamuuliza mbegu ile itakuwa nini.

"Inaweza kuwa chochote," alinijibu. "Ndiyo maana hatuigusi."

Nataka niwe mkweli: nilimpenda mzee yule. Macho yake yalikuwa na machozi. Lakini nilipokuwa nikirudi nilihesabu, nikaona kwamba watu wa Ulandu wamegawanyika miaka yote hiyo juu ya kama maji yatiwe au yasitiwe, na sikumsikia mtu, nje ya banda la Bi Siwema, akiuliza yatiwe kwa mwendo gani.

Siku yangu ya saba jioni, mjumbe alileta wito. Bi Siwema alikuwa ameliandikia Baraza la Ulandu ombi la maneno machache: kwamba beseni lake, likifika siku ya arobaini, litazamwe kutoka juu badala ya kupinduliwa. Baraza lilimwita alitetee kesho yake. Nilifurahi, nikamwambia hiyo ni hatua. Yeye hakufurahi. Alinieleza kwamba mwombaji husimama katikati ya ukumbi mpaka mjadala uishe, na mjadala huisha wasemaji wakichoka. Na kuna sheria ya pili: beseni linalotiwa tone haliguswi na mtu, lakini likikaa pumzi mia mbili bila tone, huhesabiwa limekomaa kisheria, na Mkaguzi analipindua. Mabeseni yake manne kati ya sita yalikwenda hivyo. Aliitwa, akasimama, akarudi akakuta ardhi ya banda imelowa. Jirani yeyote mwenye upande haruhusiwi kushika mrija.

"Wewe hujaamua," aliniambia, akitazama mikono yangu na si uso wangu. "Imeandikwa."

Nilimwambia nitakaa. Akasema nisijibu haraka, na nikamwambia tena.

"Tone moja kwa pumzi mia, mpaka nirudi," alisema. "Usiku baridi inazilaza mbegu, unafunika blanketi na kulala. Lakini jua likichomoza tu, uwe umekaa. Na si pumzi zako hizo, zako ni za mtu anayekimbilia gari. Pumua kama mtu asiyesubiri kitu."

Akanifundisha. Tulikaa tumeelekeana tukipumua, naye akinisahihisha, na mara mbili tulicheka mpaka hesabu ikapotea.

Siku ya nane ilipita salama. Kabla ya saa sita niliona kwamba kazi ile haichoshi mwili, inachosha ile sehemu ya mtu inayopenda kuona matokeo. Jioni kijana wa Baraza alipita na kusema Bi Siwema bado amesimama, na msemaji wa Wamwagaji amefika katika historia ya mtungi. Siku ya tisa alipita tena: Wakaushaji wamejibu, na wameomba madirisha yafungwe. Ndani ya beseni, chini kabisa, vumbi jeupe lilianza kutua. Nilililetea kioo. Lilikuwa na pembe.

Siku ya kumi, asubuhi mapema, mlango ulifunguliwa na yule mtu wa joho la kijani akaingia. Ndiye Mkaguzi wa Mabeseni, Bwana Machano. Kwa karibu alikuwa mzee kuliko nilivyodhani, na alikohoa kikohozi cha mtu aliyelala chali juu ya kigae baridi kwa miaka thelathini. Alinisalimu vizuri, akaomba kiti, akaketi upande wa pili wa beseni, akaweka muhuri wake gotini.

"Ngapi sasa?" aliuliza.

"Arobaini na mbili, Bwana Mkaguzi."

"Endelea, binti. Mimi nahesabu za kwangu. Za kisheria ni mia mbili."

Hakuwa mkorofi. Alikaa tu, akahesabu, na kila nilipokaribia mia aliniuliza jambo. Kwetu kunalimwa nini. Chuo chetu kina madarasa mangapi. Kama ni kweli watu wa kwetu huoa wakiwa na shahada au hungoja wapate kazi kwanza. Mara moja alinipoteza kabisa, nikashindwa kujua kama nilikuwa sabini au themanini, nikaanza upya toka sabini. Akacheka kwa sauti ya chini. "Aliyekufundisha naye alikuwa hivyo hivyo zamani," alisema. "Sasa ukimuuliza jambo, anakujibu na bado anapumua."

Jua lilipofika dirishani, baragumu lililia kutoka upande wa lango.

Bwana Machano akaacha kuhesabu. Aliniuliza kama najua sauti ile ni ya nini, na nilipotikisa kichwa akanieleza, na nadhani alinieleza kwa huruma. Siku zangu kumi zimekwisha. Msindikizaji wa wageni yuko langoni, naye hupiga baragumu mara tatu. La tatu likilia mgeni hajafika, lango linafungwa mpaka msimu ujao wa safari, yaani mwaka mmoja, na mgeni anakuwa mkazi. Mkazi mpya hutoa viatu vyake, ili isije ikamjia fikra ya kuuvuka mchanga peke yake.

"Kutoka hapa mpaka langoni ni pumzi mia nne," alisema. "Zangu, za mzee. Zako pungufu."

Niliuliza kama naweza kwenda, nikamwambia msindikizaji anisubiri, nikarudi. Alitazama muhuri wake. Alisema sheria iko wazi kuhusu pumzi mia mbili, na yeye ni mtu wa sheria, na atafanya kazi yake, na hatafurahi.

Nyumbani nilikuwa na barua ya ajira. Shule ya sekondari ya wasichana ilinipa nafasi ya kufundisha kemia, na muhula ulikuwa unafunguliwa wiki ya pili baada ya hapo. Mama alikuwa amenishonesha magauni mawili ya kazini na kuyatundika nyuma ya mlango, akakataza mtu kuyagusa. Nilimwandikia kwamba nitarudi baada ya siku kumi na mbili, kumi na tatu zikizidi. Nafasi ile ingechukuliwa na mwingine kabla hata yeye hajaanza kulia.

Tisini na tisa, mia. Nilidondosha tone.

Baragumu la pili lililia. Niliikunja miguu yangu chini ya kiti. Nilifikiri juu ya Bi Siwema amesimama ukumbini siku ya tatu, akilisikia baragumu hilo hilo, akijua maana yake. Hakuniambia habari za lango. Siku ile nilimkasirikia kwa hilo, kwa pumzi kumi hivi. Kisha nikakumbuka kwamba aliniambia nisijibu haraka.

"Mbona unainama sana?" Bwana Machano aliuliza. "Kuna nini mle?"

"Bwana Mkaguzi, hujawahi kutazama?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama amewahi kula. Alisema amekagua mabeseni elfu mbili na mia tatu. Kisha akainua uso kuelekea dari. Nadhani alikuwa anakumbuka yote hayo kwa namna aliyoyaona: tako la udongo juu ya uso wake, ukingo, na giza la ndani. Nilimpa kioo. Alisita kukipokea, akakipokea, akapiga magoti kwa shida, akaegemeza kifua kwenye ukingo.

Jua lilikuwa limeingia moja kwa moja katika beseni. Chini ya maji yale maangavu vumbi lilikuwa limekuwa punje, na kila punje ilikuwa na nyuso sita zilizonyooka, na kila uso ulikuwa na mwanga wake. Hata mimi niliyezitazama siku tatu nilisahau nilikuwa wapi. Zilikuwa zinakua. Huwezi kuona kitu cha namna hiyo kikikua, lakini ukitazama kwa utulivu unajua kwamba kinakua, kama unavyojua mtu aliyelala chumbani anapumua.

Mkono wa Bwana Machano ulioshika kioo ulikuwa umetulia, ila joho lake lilikuwa likipanda na kushuka kwa kasi.

"Hizi," alisema hatimaye, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine, "ndizo zilizokuwa zinaniangukia usoni?"

Nilimwambia ndizo.

Alibaki amepiga magoti. Baragumu la tatu lilianza, refu, na kabla halijakoma nikatambua kwa hofu kwamba nimepoteza hesabu. Sikujua kama ni hamsini au mia na hamsini. Nilinyanyua mrija, nikaurudisha, nikanyanyua tena.

"Themanini na nane," alisema Bwana Machano bila kuinua uso. "Themanini na tisa."

Tulihesabu hivyo mpaka adhuhuri, yeye kwa sauti, mimi nikidondosha. Mara moja alishika zamu peke yake ili ninywe maji na kula kipande cha mkate. Baadaye aliamka, akajipangusa magoti, akasema siku hiyo hakulala chini ya beseni lolote na kwa hiyo hana la kuandika. Alifika mlangoni, akarudi. Aliona aibu. Akaniomba viatu. Vilikuwa vya ngozi, nilivinunua kwa ajili ya mahafali. Nilivivua mguu mmoja mmoja, nikiwa nimekaa, mrija mkononi, naye akavichukua kwa mikono miwili.

Bi Siwema alirudi jua likiwa linakaribia kuzama. Alikuwa akitembea ameshika ukuta, miguu imevimba mpaka vifundo havionekani. Nilimpisha kiti, akaketi. Aliniambia uamuzi wa Baraza huku akijikanda magoti: imeundwa kamati ya watu kumi na wanane, itakayochunguza kama kitu kilichotazamwa kutoka juu kinaweza kusemwa kimeonekana. Kamati itaanza kazi baada ya daraja la mwaka huu kustaafu.

Kisha akainama juu ya beseni. Alitazama kwa muda mrefu. Zilibaki siku tano.

"Umekosa mangapi?" aliuliza.

"Hata moja."

Aligeuka kunitazama, akashusha macho, akaiona miguu yangu mitupu juu ya udongo. Nilimwambia ya Bwana Machano nitamsimulia baadaye, kwa sababu zimebaki pumzi nne, nikamwekea mrija mkononi. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka kwa uchovu, nikaushika chini kwenye kifundo ili utulie.

Tulizipumua zote nne pamoja, polepole, na tone likadondoka.